Dakika Sabini na Tano

Mwenye shule alitaka tumwite Mkurugenzi. Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi katika mji wa Stafford, huku ughaibuni, na wanafunzi tulikuwa kumi na mmoja, tukisomea uuguzi msaidizi. Alikuwa Mkenya kama mimi, lakini Kiswahili chake alikitumia kwa kukemea tu.

Kabla ya kuandikishwa kwa mtihani, kila mmoja wetu alitakiwa kumaliza saa mia moja za mazoezi katika nyumba ya wazee. Tuliingia saa moja asubuhi, tukatoka saa nane kasorobo. Kila Ijumaa tulimpelekea karatasi za muda, naye akaziingiza kwenye programu ya kompyuta aliyoiandika mwenyewe. Siku moja alituita tuitazame. Ilikuwa na kisanduku cha kuingia, kisanduku cha kutoka, na chini yake jumla. Akabonyeza, akatugeukia kama mtu aliyezaa mapacha.

Nilipotimiza siku kumi na tano, nikaenda kuchukua barua ya mtihani.

"Bado," akasema. "Una saa tisini na sita na dakika sabini na tano."

"Dakika sabini na tano?"

"Soma mwenyewe."

Kwenye skrini palikuwa na 96.75.

"Mkurugenzi, hiyo si ingekuwa saa tisini na saba na robo?"

"Hata ikiwa. Mia haijafika. Rudi Jumatatu uongeze siku. Kompyuta haichoki, dada. Sisi ndio tunachoka."

Nikamwambia asante. Asante hiyo naichukia mpaka leo.

Kwenye ngazi nikamkuta mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa naye akisubiri barua yake, mama wa Kikongo aliyekuwa amefundisha shule ya msingi Uvira kabla vita havijamfukuza. Nilipomweleza, akachukua karatasi yangu ya muda ya wiki ya mwisho, niliyorudishiwa, akaiegemeza ukutani, akaanza kuandika nyuma yake.

"Siku tatu, kila siku sita na robo tatu. Inafanya *heure*, yaani masaa, ishirini na robo," akasema. "Yeye ameandika ngapi?"

Upande wa mbele, chini ya siku hizo tatu, Mkurugenzi alikuwa ameandika 19.35. Mama akaitazama kidogo, kisha akacheka bila furaha. "Machine yake inangoja dakika zifike mia ndiyo ifanye *heure* moja. Kila mara inakula dakika arobaini. Weye ulimaliza zamani. Tupande."

Tukapanda. Mkurugenzi alitusikiliza huku akitabasamu, kisha akatoa kikokotoo mezani, akaandika 6.45, akaijumlisha mara tatu, akatugeuzia kioo. 19.35.

"Hata hii inakubali," akasema.

Nimefanya kazi chini ya watu wengi wasiojua, na wengi wao walinisikitisha tu. Huyu alinitia kinyaa, kwa sababu alikuwa radhi kuipinga saa iliyokuwa ukutani nyuma yake.

Mama akamuuliza polepole, kwa sauti ya darasa la tatu, "Baba, *heure* moja iko na dakika ngapi?"

Akatazama dirishani. Akahamisha bilauri ya kalamu.

"Sitini," akasema.

"Basi."

Jumatatu barua zetu zilikuwa tayari, yangu na ya mama. Hakuomba radhi. Aliliambia darasa kwamba virusi vilikuwa vimeingia kwenye kompyuta, na kwamba ameviondoa mwenyewe. Watu wakamsifu.

Lakini wanawake wawili waliotutangulia walikuwa wamesharudishwa kuongeza siku, na mmoja wao, aliyekuwa akiishi Alief, alikosa tarehe ya mtihani akangoja miezi miwili. Mkurugenzi hakuwaambia lolote. Nikampigia simu huyo wa Alief, nikamfafanulia hesabu yote. Kisha akaniuliza kama kuna haja ya watu wengine kujua, maana Mkurugenzi ni mzee wa kanisa na ataaibika.

Nikamwambia nimeshawaambia.