Ghorofa ya Kaka

Kaka yetu aliwahi kuwa baharia, akakwama Brazili miaka sita. Aliporudi Temeke alituambia aliishi ghorofa ya tisa, tena yenye lifti. Mama akaitangaza lifti hiyo mtaa mzima hadi nikaichukia. Ukweli niliujua mimi tu, kwa kuwa siku moja alinieleza: alikata miwa mashambani na kulala kibanda cha udongo. Nikaapa kunyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini dada alijifungua, damu ikawa haikati. Hospitalini, damu ya kumwongezea mgonjwa ilitafutwa na ndugu. Yangu na ya mama hazikumfaa. Ya kaka ilifaa, na vipimo vyote akavipita. Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati pale daktari, kijana aliyesomea Kuba, alipomuuliza amewahi kuishi nchi gani.

"Brazili," akajibu mama kwa madaha. "Ghorofani."

Daktari akaweka sindano chini. "Kule kuna mdudu kama kunguni mkubwa, anajificha kwenye nyufa za kuta za udongo. Analeta ugonjwa wa Chagas. Unakaa mwilini miaka bila dalili, halafu unaushambulia moyo. Kipimo chake hapa hatuna, kwa hiyo nakuuliza tu, braza: ulilala nyumba za namna hiyo?"

Kaka akamtazama mama. "Hapana."

Nikisema, dada angeweza kufa kwa kukosa damu. Nikinyamaza, huenda angetiwa damu yenye ugonjwa. Hasira ikanipanda: mtu mzima anaona haya ya kibanda wakati kama huu! Na mama huyohuyo ndiye aliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

"Muongo! Ulilala kwenye udongo, uliniambia mwenyewe!"

Mama akanizaba kofi. "Unataka dadako afe?"

Kaka akashusha mkono wa shati. "Kweli, dakta. Miaka yote sita."

Tulisubiri hadi alasiri, mama hanisemeshi, ndipo shemeji akafika na makuli wenzake wanne kutoka bandarini Kurasini. Damu ya mmoja ikafaa. Jioni dada akafumbua macho, akaomba maji. Tukalia, tukamzunguka daktari kwa shukrani.

Kaka alingoja tumalize.

"Dakta," akasema, "na mie mtanipima wapi?"

Tangu asubuhi hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza hilo, wala mimi niliyeitoa siri yake.