Nilimfanya Mama Yangu Mchawi kwenye Filamu

Kosa ni langu peke yangu. Sikulazimishwa na mtu, na sikuwa nimelewa. Nawaambia ninyi msionijua kwa sababu wanaonijua hawataki tena kunisikiliza.

Naishi Kahama. Kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi, kipaimara na misiba. Mke wangu, Mama Minza, ni mwalimu wa shule ya msingi, na yeye ndiye aliyekuwa na kipaji kwenye nyumba yetu. Alitunga vitabu vya watoto, mfululizo mmoja, kuhusu msichana anayeitwa Tungu. Tungu anashuka kwenye duara, shimo lililoachwa na wachimbaji, na kule chini anakuta nchi nzima: ng'ombe wanaoongea, mto unaopanda mlima, mawe yanayokumbuka majina ya watu.

Katika nchi hiyo yupo bibi mwenye macho mekundu. Ni mekundu kwa sababu amebeba moto ndani yake, ili mtoto aliyepotea gizani amwone kwa mbali na kumfuata. Katika vitabu vyote hakuna mtu mwema kama yeye.

Bibi huyo ni mama yangu. Mayu, kama tunavyomwita kwa Kisukuma, amepikia samadi kavu maisha yake yote, kwenye jiko lisilo na dirisha, na moshi umemharibia macho. Huku kwetu kila mtu anajua macho ya namna hiyo yanaweza kumletea nini mwanamke mzee: kuitwa mchawi, hata kuuawa. Mke wangu alilijua hilo alipoandika. Alitaka watoto wa Shinyanga na Geita wakue wakiyaona macho mekundu bila kukimbia.

Na walianza kutokukimbia. Mayu akija kututembelea, wanafunzi wa mke wangu walikuwa wanamfuata barabarani. "Shikamoo bibi wa moto." Anawaitikia mmoja mmoja, huku anacheka.

Mimi ndiye niliyesema tutoe filamu. Ya kwanza tuliifanya kama ilivyoandikwa. Minza, binti yetu, aliigiza kama Tungu, Mayu akawa bibi, na duara letu lilikuwa shimo la watu wa matofali. Mama Minza alikaa pembeni na kitabu chake, ananisahihisha. Sidhani kama nitakuja kuwa na furaha ile tena.

Walimu waliipenda. Ila vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, havikuitaka.

Tukaanza ya pili. Ndipo nikapelekwa kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekuwa anataka kuingia kwenye mambo ya filamu. Alikuwa tayari kunipa vifaa na kuisambaza mpaka Bulyanhulu, Geita na Chato. Akaangalia ile ya kwanza, akaisimamisha katikati.

"Huyu bibi ana macho mekundu hivi, halafu ni mwema?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, mkuu."

"Watu wanakuja kutishika, kijana. Huyu sura anayo tayari. Unaichezea bure."

Ningemwambia tu kwamba huyo ni mama yangu. Sikumwambia. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshauriwa vizuri.

Siku moja mke wangu alipokuwa kazini nilikwenda kijijini na kamera, nimemchukua na Minza. Nikamwambia Mayu kuna vipande vya kurudia. Nikamwambia akoroge chungu, aniangalie bila kupepesa macho, kisha acheke.

"Nicheke nini, mwanangu?"

"Cheka tu, Mayu."

Akacheka, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwomba. Nikamwambia amwite Tungu, polepole. Alimwita kama anavyomwita Minza asubuhi aje anywe uji.

Kwenye kompyuta nilifanya yaliyobaki. Baada ya uso wake nikaweka mtoto anayelia. Kwenye chungu nikaweka mifupa. Ile sauti aliyoitoa kwa upendo niliivuta na kuishusha mpaka ikawa ya mtu mwingine. Bibi aliyekuwa anaokoa watoto sasa alikuwa anawala.

Mke wangu nilimwambia bado nahariri. Wakati huo filamu ilishaanza kuonyeshwa machimboni, na watu walikuwa wanarushiana kwenye simu.

Aliyenifichua ni Minza. Mayu alikuja kwetu, na mtoto akakataa kulala naye. Alikuwa ameiona kwenye simu ya jirani. Mtoto aliyekuwepo siku ile, aliyeonja ule uji uliokuwa kwenye chungu, naye akaogopa.

Mke wangu aliitafuta, akaiangalia yote amesimama. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ili Mayu asisikie sebuleni:

"Baba Minza, umefanya nini?"

"Ni filamu tu, Mama Minza. Watu wanajua ni filamu."

"Watu gani? Wa kijijini kwenu?"

Akaniambia niitoe kwa watu. Nikamwahidi. Siku zikapita, nikawa namwambia nashughulikia, na kila nikiingia kibandani nikikuta watu wamejaa mpaka mlangoni, nasema niache kidogo tu.

Mayu alirudi kijijini. Haikuchukua muda, mtoto wa jirani yake akafa kwa homa, na walioiona filamu wakaanza kumtaja yeye. Mke wangu aliposikia hakuniaga vizuri, alimchukua Minza wakaenda kukaa na Mayu.

Mimi nilikuwa Buseresere, siku ya mnada, tunaonyesha. Simu ikaita mchana. Nilisikia makelele kabla ya kumsikia mke wangu.

"Wapo uani na mapanga. Mpigie mwenyekiti. Halafu zima hiyo filamu."

"Nampigia sasa hivi."

"Na filamu?"

Nikaangalia ndani. Watu walikuwa wametulia, wamekodoa macho, mimi nilikuwa sijawahi kuona kazi yangu inatazamwa vile. Nikasema, "Inakaribia kuisha."

Simu ikakatwa.

Mwenyekiti wa kijiji nilimpigia. Lakini filamu sikuizima. Nilisimama mlangoni mpaka ikaisha, wakati mama yangu amejificha chini ya kitanda na mwanangu, na mke wangu amesimama mlangoni peke yake.

Hawakufa. Namshukuru Mungu, ingawa najua sistahili hata kushukuru. Mke wangu alivunjwa mkono kwa jiwe. Jiko lilichomwa. Mwenyekiti alifika na wazee wachache wenye huruma, wakawatoa kwa pikipiki.

Baadaye nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Nikasimama, nikaeleza namna kamera inavyodanganya, nikasema mama yangu hana hatia. Mama mmoja niliyesoma na wanawe akanijibu bila hasira:

"Sisi tumemwona kwa macho yetu. Na wewe mwanawe ndiye uliyetuonyesha."

Niliondoka, hakuna aliyenisindikiza.

Mke wangu aliomba uhamisho. Sasa wako upande wa Kolandoto, yeye, Minza na Mayu. Aliniacha mimi, akamchukua mama yangu. Vitabu ameacha kuandika. Nyumbani nimebaki na redio, naiwasha nikiamka ili mtu aongee. Napika ugali, unabaki, nakula ule ule kesho yake. Harusi siitwi tena. Wanaoniamkia ni wale wasionijua.

Nimekwenda kuwaona mara chache. Mara ya mwisho Mayu alikuwa amekaa kivulini, amevaa miwani nyeusi, ile kubwa ya jua. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Mayu."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamwomba avue miwani nimwone. Akaigusa, akaiacha pale pale.

"Nimeizoea, mwanangu. Hapa hawajui macho yangu. Usiwaambie."

Hakunilaumu hata kidogo. Angenitukana ningelala vizuri.

Wewe unayepewa hadithi ya mtu uitengenezee picha, kaa na aliyeitunga, umuulize kwa nini aliiandika vile, na ukiambiwa ibadilishe kidogo watu wajae, fikiri yule uliyemwonyesha atalala wapi kwa usalama baada ya watu hao kutoka. Usiseme utaizuia baadaye. Mimi nimejaribu. Yule mnunuzi alinijibu kwamba imeshakuwa kwenye simu za watu, na hilo hakudanganya.

Juzi kwenye kituo cha mabasi, kijana mmoja wa machimboni alinionyesha filamu ile kwenye simu yake. Akaniuliza kama ni kweli yule bibi alikamatwa. Nikamwambia ni mama yangu. Akaniangalia usoni, akarudisha simu mfukoni, akaenda kukaa benchi jingine.