Maji Yaliyolala

Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mtaa wetu hapa Same na mikokoteni yao, na kila wakipita husimama getini kwangu. Wanakiona kigari uani, kimepandishwa juu ya mawe, magurudumu yametolewa, boneti imefungwa kwa kamba ya katani. Zamani niliwafukuza kwa maneno ambayo mama yangu, angekuwa hai, angenifinya kwa kuyatamka. Siku hizi nawaambia tu, "Hakiuzwi," nao wanacheka na kusukuma mkokoteni wao mbele. Wanajua watarudi. Mimi pia najua kwamba kuna siku sitakuwa na nguvu ya kukataa.

Ni kigari cha baba. Baba aliendesha lori maisha yake yote, akishusha tangawizi na ndizi kutoka kwetu Myamba, mlimani, hadi tambarare, akipandisha saruji na mabati, na mlima ule aliupanda kwa mwendo wa bibi harusi. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe au waliezeka upya nyumba zao. Yeye alikwenda Moshi akarudi na kigari chekundu cha Kijapani cha milango mitatu, kifupi, kimekaa chini kama kuku anayeatamia, kina turbo na bomba la moshi lenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Mama alimuuliza kama amerogwa. "Nimekwenda polepole miaka yote," baba alimjibu. "Niacheni." Ndicho kitu pekee ninachokumbuka alijinunulia mwenyewe.

Kwenye kigari hicho ndipo aliponifundisha kuendesha, katika barabara ya Kisiwani, akinigonga goti kila nilipochelewa kubadili gia. Mimi ni binti yake wa kwanza, nimerithi jina la mama yake kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo aliniita "mama" tangu nikiwa na kamasi puani. "Mama, sikiliza injini," alikuwa akisema. "Ikilia, ipe gia. Usisubiri igombe."

Mama alipofariki tulimzika Myamba, nyuma ya nyumba yetu, pembeni ya migomba. Baba hakuweza kukaa kule peke yake, akashuka kuishi nami. Kigari alishuka nacho, akakiegesha uani, kikakaa hapo hadi kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma. Kisha akaanza kusahau. Kwanza miwani, baadaye kama amekula, baadaye kama mama amekufa. Hiyo ya mwisho nilimwambia mara ya kwanza, akalia upya kama tuko msibani, na tangu hapo akiuliza namwambia yuko juu. Si uongo. Daktari alisema hali hii hairudi nyuma, na nilimchukia kwa jinsi alivyosema haraka.

Jambo moja tu alilishika. Kila jioni, akishamaliza kula makande, aliniuliza, "Mama, tunapanda lini?" Kisha alinihesabia kona za barabara ya mlimani, moja baada ya nyingine: kona ya kanisa, kona ya mawe mawili, kona ya maji, kona ya lori lililopinduka, hadi mlangoni kwetu. Mwanzoni alizitaja zote. Baadaye kona ya mawe mawili ikapotea. Kisha ikapotea kona ya maji, akawa anairuka bila kujua, na mimi nilikaa pale na sahani mkononi nikihisi barabara inafupishwa na mtu nisiyemwona. Nilitaka kitu kimoja tu: afike Myamba akiwa bado anajua ni Myamba.

Mtu atauliza kwa nini sikumpandisha kwa gari la kukodi. Nilijaribu. Tulikodi pikapu, na kabla ya kufika Kisiwani baba alikuwa amemshika dereva mkono na kuvuta usukani, akipiga kelele kwamba huyu kijana atatuua. Aliyeendesha maisha yake yote hawezi kuendeshwa na mgeni. Lakini siku moja nilimkuta amekaa ndani ya kigari, pale uani, kimya, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekwisha kufika anakokwenda. Nikaamua kukifufua. Uamuzi wa kijinga, kila mtu aliniambia hivyo, na sikumsikiliza hata mmoja.

Kazi yangu ni kuuza dukani, duka la vifaa vya ujenzi hapo barabara kuu, kwa hiyo bolti na spana sizioni ajabu. Nilivaa ovaroli ya zamani ya baba, nikafunga kofia, nikaingia chini. Same ni kavu, bodi haikuwa na kutu nyingi, ila kila kilichokuwa mpira kilikuwa kimepasuka: mipira ya maji, mipira ya breki, hata ule wa mlango. Jirani aliyezoea kuchungulia juu ya ukuta aliuliza nani ataoa mwanamke mwenye oili kwenye kucha. Nikamwambia aniletee huyo mwanamume nimfundishe kufunga breki. Vipuri vilitoka Moshi, vingine Dar, vingine vilikuja vya gari lingine kabisa. Vile nisivyoviweza nilimwachia fundi wa gereji ya karibu, mtu mpole mwenye utani, ambaye kila akikiona kigari aliniambia, "Dada, uza hiki kiberiti ununue bajaji."

Siku kilipowaka, baba alitoka chumbani na kanga yangu begani, akasimama, akasikiliza. "Silinda moja imelala," akasema. Alisema kweli. Nilibadilisha plagi, na nikacheka peke yangu hadi nikaona aibu.

Kisha likaanza suala la maji. Kila asubuhi nilikuta ardhi imelowa chini ya rejeta. Nilijaza yale maji ya kijani ya dukani, ya kupoza injini, asubuhi ardhi imelowa. Nikabadilisha mipira yote. Nikabadilisha pampu ya maji. Nikatafuta rejeta nyingine, nikaifunga kwa mikono yangu. Ardhi ikalowa. Na gari likawa linachemsha hata kwa safari ya kwenda sokoni, na shingoni mwa rejeta pakaota ukoko mweupe kama ule unaoota ndani ya birika zetu. Nilimtukana fundi. Nilianza kuamini kigari kina kisirani.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida, nikasikia chuma kikigusa chuma. Nikachungulia dirishani. Baba alikuwa amelala juu ya gunia, kifua chini, mkono wake umeingia chini ya bampa, anafungua koki ya rejeta. Maji yote yalimwagika. Akafunga koki, akainuka kwa taabu akishikilia taa ya gari, akachukua ndoo ya maji ya kisima, akajaza polepole, akafunga boneti kwa viganja viwili bila kuipiga. Kisha akajifuta mikono, akarudi kulala. Uvujaji nilioutafuta miezi yote ile ulikuwa baba yangu.

"Baba, kwa nini unamwaga maji?" nilimuuliza wakati wa chai.

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mwanafunzi mzito. "Mama, maji yaliyolala hayafai. Tunamwaga, tunaweka mapya. Leo si tunapanda?"

Hivyo ndivyo walivyofanya na malori ya zamani, injini nzito za chuma kitupu, zilizovumilia lolote. Hedi ya kigari hiki, sehemu ya juu ya injini, ni ya aluminiamu inayoliwa upesi na chumvi. Na maji ya kisima chetu yana chumvi, anayeishi hapa anajua, sabuni haitoi povu na chai ina ladha ya magadi. Kila asubuhi baba alikuwa anaiandaa safari yetu, na kila asubuhi alikuwa anaiua.

Nilifunga boneti kwa kufuli. Baba alizunguka gari asubuhi ile, akazunguka tena, akagusa hapa na pale, kisha akakaa chini vumbini na ndoo yake. Hakula mchana. Hakula usiku. Siku iliyofuata alinifuata hadi jikoni, akaniomba msamaha kwa kosa asilolijua. Nikafungua kufuli nikilia kwa hasira, na sijui hasira ile ilikuwa ya nani.

Nikajaza ndoo yake yale maji ya kijani, nikidhani nimekuwa mjanja. Nilimwahi ameshachota kwa kikombe, kiko midomoni. Maji yale ni sumu, na ni matamu. Nilimwaga ndoo nzima kwenye shimo la taka, na sikuthubutu tena.

Mwishowe nilimwomba shangazi yangu aliyeko Myamba. Akawa ananitumia madumu ya maji ya chemchemi kwa malori ya tangawizi. Ni maji laini, hayana chumvi hata kidogo. Dumu la kwanza lilipofika nilimmiminia baba kwenye ndoo. Akachota kwa kiganja, akaonja kama wafanyavyo madereva wa zamani. Macho yakamjaa machozi. "Ya kwetu haya," akasema. Kwa majuma machache nilikuwa na matumaini, na nayaandika hapa kwa sababu ndiyo yote niliyowahi kuwa nayo katika jambo hili.

Lakini chumvi ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Fundi alifungua hedi akaniita nione. Njia za maji zilikuwa zimelika, zina matundu kama jino bovu. Hakutania siku ile. Alisema ataziba kwa kuchomelea, atasawazisha, atafunga gasketi mpya. "Inaweza kupanda mara moja, dada. Inaweza pia isipande." Hedi nyingine tulitafuta, hatukupata. Baba, jioni ile, alihesabu kona mbili.

Tulipanda siku ya mapumziko yangu, asubuhi na mapema kabla ya jua kuwa kali. Nilivaa ovaroli na kofia, maana nilijua nitashuka kushika spana. Madumu mawili nyuma. Baba alikaa mbele, amenyoa ndevu, mikono juu ya magoti. Hadi Kisiwani kigari kilikwenda vizuri hadi nikaogopa. Baba alisikiliza kila gia. "Mama," alisema, "unaendesha kama mimi." Nililiweka neno hilo moyoni nikapanda nalo.

Kona ya kanisa tulipita. Kona ya mawe mawili tulipita, sindano ya joto ikiwa imeanza kupanda. Niliwasha hita ili kupunguza joto la injini, tukawa tunapikwa ndani. Nilipoingia kona iliyofuata, moshi mweupe ulitoka chini ya boneti na injini ikapoteza nguvu. Nikakivuta hadi pembeni, mahali ambapo maji hutiririka kutoka kwenye mwamba na kuingia mferejini. Nilitazama, nikapatambua. Kona ya maji. Ile aliyokuwa ameisahau.

Baba alikuwa ameshafungua mlango. Alishuka kama kijana. "Utingo!" aliita. "Jiwe!"

Nilitazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Zamani alikuwa na utingo, msaidizi wa kukimbia na jiwe na kuliweka nyuma ya tairi lori likisimama mlimani. Akaninyooshea kidole. "Wewe! Unangoja nini? Jiwe!"

Niliokota jiwe, nikaliweka. Akaniamuru la pili, nikaliweka. Nikataka kufungua rejeta, akanishika mkono. "Hatumwagi likiwa moto. Utapasua injini. Kaa."

Tukakaa kwenye ukingo wa mfereji. Sijawahi kumwona mzima hivyo tangu mama afariki. Mgongo umenyooka, macho yanaona. Alijua kona, alijua mwamba, alinionyesha kwa kidole paa la nyumba ya kwanza ya Myamba, juu kabisa, likimeta. Nilichokitaka kilikuwa mbele yangu. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa watu.

"We ni mgeni kwenye kazi hii?"

"Ndiyo," nilisema.

"Una wazazi?"

"Nina baba."

"Anajua uko huku mlimani?"

"Anajua."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akachota maji ya mwamba kwa kiganja, akaonja, akanipa na mimi nionje. "Mwambie asiwe na wasiwasi," akasema. "Nitakurudisha salama."

Injini ilipopoa tulimwaga maji, tukaweka mapya, yeye akielekeza, mimi nikifanya. Haikuwaka. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili, imekuwa kama maziwa. Lori la tangawizi lililokuwa linashuka lilitufunga kamba na kutuvuta hadi Same, mimi nikishika usukani wa gari lililokufa, baba pembeni yangu, mikono juu ya magoti. Njia nzima nilisubiri aniite mama, na mpaka leo sijamsikia.