Mluzi wa Turbo

Hadi leo nikinusa oili iliyoungua, namwona mjomba na gari lake jeupe pale nyumbani, chini ya Mlima Hanang. Alikuwa amelifungia turbo kubwa ya kuipa injini nguvu, na rafiki zake walishinda wakibishana.

"Weka ekzosi pana, moshi utoke, injini ipumue vizuri," mmoja alishauri.

"Sikilizeni kwanza!" Mjomba akaingia garini, akakanyaga mafuta. Turbo ikapiga mluzi mrefu.

Babu alizoea kuwaita ng'ombe kwa mluzi kama huo waje kulamba magadi. Basi wakaja mbio, kundi zima, wakalizingira gari na kuanza kulamba boneti.

"Baba, shikamoo! Waondoe!" mjomba alilia dirishani.

"Marahaba," babu akajibu, ameegemea fimbo yake. "Wape magadi kwanza. Si umewaita mwenyewe?"