Nyati Aliyemwonyesha Kila Mtu Isipokuwa Mama Yake

Saa tano asubuhi, mnada wa Mogitu umeshachangamka. Mbuzi wanalia, wauza mitumba wanalia kuwazidi mbuzi, na moshi wa nyama choma unamfuata kila mtu hata asiye na hela ya nyama. Nyuma ya safu ya wauza viatu, chini ya turubai jeusi, watu wapatao arobaini wamebanana kwenye mabenchi, shingo zimenyooka.

Mbele yao ipo televisheni ya inchi arobaini na tatu, deki nyeusi, na mwanaume mwembamba mwenye fimbo ya kuchungia. Sauti ya filamu ameizima. Mzungu anayesimulia ndani ya diski amenyamazishwa, na anayesimulia ni yeye, kwa Kiiraqw, akichomeka Kiswahili kwa ajili ya wageni.

"Haya, mtazameni huyu mzee mwenye sikio lililochanika," anasema, fimbo ikigusa kioo. "Wenzake wamepanga foleni ya maji, yeye anapita pembeni. Huyu lazima aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji!"

Benchi zima linaangua kicheko. Kwenye kioo, nyati dume anatumbukiza mdomo majini. Unaona tope lililokauka mgongoni, unaona ndege mdogo akidonoa kupe, unaona hata kope. Mzee mmoja ananyanyuka kutoka benchi la nyuma, anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, anatikisa kichwa na kurudi kukaa. Hakuna anayemgombeza, kwa kuwa kila mnada yupo mmoja wa namna hiyo.

Msimulizi huyo anaitwa Nicodemo Tluway, ana miaka 44, mkulima wa Bashay, wilayani Mbulu. Kwa miaka kumi na sita amezunguka minada ya Mbulu na Hanang na banda lake, ambalo vijana wanaliita kibanda umiza kama mabanda mengine yote. Tofauti ni kwamba kwake hakuna mpira wala filamu za ngumi. Kwake ni wanyama, ndege, samaki na misitu, basi.

Kiingilio ni shilingi mia tano. Siku nzuri hupata elfu thelathini na tano kabla ya kununua petroli ya jenereta. Siku ya mvua hurudi nyumbani na matope tu. Televisheni huifunga kwa blanketi na kuipakata kama mtoto mchanga, juu ya fuso la wafanyabiashara, na dereva akipiga shimo yeye ndiye anayelalamika kwanza.

Watu humuuliza kwa nini bado anahangaika na diski wakati siku hizi kila kitu kipo kwenye simu na flashi. Swali hilo humpandisha sauti kidogo.

"Wewe nipe simba wa kwenye flashi, mimi nakupa uji wenye mkia," anasema. "Hizi filamu zikibanwa zinaharibika. Mfugaji hutamdanganya. Yeye anamjua mnyama kwa manyoya, kwa ukwato, kwa anavyoweka sikio. Ukimwonyesha kitu cha ukungu anadai mia tano yake."

Kwa hiyo hununua diski halisi, zile za picha angavu ambazo kwenye maboksi yake ya bluu zimeandikwa kwa Kiingereza asichokisoma vizuri. Huzifuata Arusha mara mbili kwa mwaka, na nyingine huzipata kwa madereva wa watalii pale Karatu, ambao huachiwa na wageni wao. Ana kanuni moja tu ya ununuzi: muuzaji aiweke kwenye deki, amwonyeshe mnyama yeyote kwa karibu, naye aanze kuhesabu manyoya. Akishindwa kuyatenganisha, anaaga. Nakala za kuchoma zenye karatasi nzuri ya rangi zimeshamla hela mara tatu, na ya nne hataki.

Ana diski thelathini na moja. Iliyomweka mjini, kama anavyosema mwenyewe, ni moja tu, ile ya nyati.

Hiyo aliinunua miaka tisa iliyopita kwa shilingi elfu arobaini na tano, hela ya magunia yake ya mwisho ya mahindi. Muuzaji alimwonya kwamba diski ile haisomwi na deki ya kawaida. Nicodemo alidhani ni mbinu ya kumuuzia na deki. Alipofika Bashay, deki yake ikaizungusha, ikakoroma na kuandika kwamba ndani hakuna diski. Ilimchukua miezi minne kupata deki inayofaa, na miezi yote hiyo diski ilikaa chini ya godoro.

Mkewe, Rogathe, anakumbuka. "Nilimwambia, baba Tluway, umeuza chakula ukanunua sahani ya kung'aa. Hakunijibu. Nikajua hapa kuna jambo."

Jambo lilikuwepo. Nicodemo alikuwa na miaka saba pale baba yake, Tluway, alipoteremka na ng'ombe bondeni Yaeda Chini kutafuta malisho wakati wa kiangazi. Ng'ombe walirudi. Baba hakurudi. Wenzake walimkuta karibu na maji, na nyayo kubwa zikiwa zimemzunguka.

"Nilitaka kumwona," anasema Nicodemo. "Miaka yote hiyo sikuwa nimemwona nyati. Nilitaka kumwona vizuri, si kwa ukungu, nimwangalie usoni huyo aliyetufanya yatima."

Alimwona. Wiki ya kwanza aliangalia peke yake, mlango umefungwa. Wiki ya pili alianza kumsimulia mnadani, na kwa sababu uchungu wa mtu mzoefu wa jukwaa hujificha kwenye utani, nyati yule akawa mwenyekiti wa kijiji, akawa mkwe mwenye mahari ndogo, akawa mwalimu mkuu. Watu wa Katesh walimpenda. Watu wa Dongobesh walimwomba arudie. Kwa hesabu yake mwenyewe, maelfu wamemtazama nyati huyo.

Mama yake, Philomena, hakumtazama. Na si kwamba hakuomba.

Aliomba mara ya kwanza mwaka uleule diski iliponunuliwa. Alikuwa na miaka sitini na miwili, macho yake mazima, na habari zilimfikia kutoka kwa wanawake wenzake waliotoka mnadani. "Nasikia unaye yule wa bondeni ndani ya hilo sanduku lako," alimwambia mwanawe. "Niletee nimwone."

Nicodemo akamjibu kwamba deki imeharibika.

Mwaka uliofuata akaomba tena. Jibu likawa lilelile.

Hakuwa anamnyima kwa ubaya. Siku ya matanga, kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Bura, alitangaza mwiko mbele ya ukoo: mnyama aliyemwaga damu ya nyumba haingii tena katika nyumba hiyo, si ngozi yake, si pembe yake, wala jina lake halitajwi mbele ya mjane. Ndiyo maana nyumbani kwao hakuitwa nyati. Aliitwa yule wa bondeni. Mtoto wa miaka saba alilishika neno hilo kama anavyoshika mtoto wa miaka saba, kwa masikio yote mawili.

"Nilisema kama ngozi hairuhusiwi, je, picha inayoonyesha mpaka kope?" anasema. "Mama alipoomba nilidhani uzee umemsahaulisha mwiko. Nikaona mimi ndiye wa kumlinda."

Akamlinda mpaka macho yakaondoka. Yalianza pembeni, polepole, na kila mtu alisema ni uzee. Akawa anagonga mlango, anamwaga chai nje ya kikombe. Walipomfikisha kwa daktari wa macho, miaka miwili iliyopita, waliambiwa ni presha ya macho, kwamba mshipa umeshakufa, na kwamba hakuna upasuaji wala dawa ya kuurudisha. Wangewahi, ingekuwa habari nyingine.

Mwaka jana, kwenye msiba wa jirani, Nicodemo alikaa karibu na Mzee Bura, ambaye sasa amevuka miaka themanini. Akajikaza, akamuuliza kama picha nayo imo ndani ya ule mwiko.

"Mwiko gani?" mzee alishangaa. "Ule ulikwisha zamani! Uliisha siku ulipompa mtoto wako jina la baba yako. Jina likirudi nyumbani, mwiko unatoka. Hukujua?"

Hakujua. Mwanawe wa kwanza, Tluway, ana miaka kumi na minane. Yaani mwiko ulikuwa umekwisha miaka tisa kabla diski haijanunuliwa.

"Mbona hukuniambia, baba mkubwa?"

"Mbona hukuuliza? Mimi mwenyewe huyo nyati wako nimemtazama Dongobesh mara mbili. Nililipa na kiingilio."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Nicodemo mjukuu huyo, mjukuu wa Mama Philomena, alikuja kweli, akapewa jina, akafungua mlango uliokuwa umefungwa, na baba yake hakuuona ulivyofunguka. Kuuliza si ujinga, lakini yeye aliona haya kuuliza jambo ambalo alidhani kila mwanaume wa ukoo analijua. Haya hiyo ndiyo inayomtafuna, na hafichi. "Ningeuliza mtu mmoja tu," anarudia, "mtu mmoja tu."

Siku ya pili baada ya mnada, nyumbani Bashay, Mama Philomena ameketi juani mlangoni, anachambua maharage kwa vidole. Bovu analitambua kwa kuligusa, na hakosei. Mgeni akimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba na kugeuza uso upande ilikotoka sauti.

Nicodemo anachuchumaa karibu naye. Tangu mwaka jana amekuwa akilizunguka neno moja bila kulisema, na leo analisema, pengine kwa kuwa kuna mgeni, mwandishi wa habari hii, na mbele ya mgeni mtu hukimbia kwa shida.

"Mama, ile deki haikuharibika."

"Najua," anajibu mama, bila kusimamisha mikono. "Deki gani inaugua nyumbani na kupona mnadani?"

"Nisamehe, mama. Nilidhani mwiko bado upo."

"Ungekuwepo, ningeomba?"

Kuku anasogelea maharage, mama anamfukuza kwa kusikia tu hatua zake.

Anaeleza kwamba hakutaka kumwona mnyama yule ili amlaani. Zamani waliwahi kumwonyesha kwenye noti ya mia tano, lakini noti ilikuwa imechakaa na alichoona ni mapembe na uso wa giza. "Nikabaki na hayo mapembe. Miaka thelathini na saba nalala na kitu nisichokijua. Usiku kinakuwa kikubwa kuliko nyumba. Kila nikimfikiria baba yako, namwona anapiga kelele na hakuna mtu." Anaweka ungo chini. "Sasa macho sina. Basi niambie wewe. Unawaambia watu wote wa minada. Anafanana na nini?"

Nicodemo anafungua mdomo. Mwenyekiti wa kijiji haji. Mkwe haji. Mtu anayeweza kuongea saa tatu bila kunywa maji anatafuta pa kuanzia.

"Anafanana na ng'ombe, mama," anasema mwishowe.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe mweusi, mnene. Pembe zimekutana katikati ya paji la uso. Anacheua. Anafukuza inzi kwa masikio. Akisimama kukutazama, unaweza kudhani ni dume la jirani limepotea."

Mama anarudia neno hilo polepole, kama anayeonja chumvi. "Ng'ombe." Halafu machozi yanamtoka, na hayafuti.

"Baba yako hakuwahi kuogopa ng'ombe," anasema. "Hata dume kali alilisogelea akiliongelesha. Basi na huyo alimsogelea hivyohivyo. Kumbe hakupiga kelele. Labda mpaka mwisho alidhani anamrudisha kundini."

Nicodemo anainuka na kuondoka kuelekea nyuma ya nyumba. Anakaa huko muda mrefu. Anaporudi, macho ni mekundu na haoni aibu ya kuyaonyesha.

"Neno moja," anamwambia mwandishi. "Ng'ombe. Hilo ningemwambia hata bila diski, hata bila umeme. Ningemwambia nikiwa na miaka kumi kama ningejua. Nimeuza mahindi, nimenunua deki, nimewachekesha watu wa Hanang nzima, na yeye alikuwa anahitaji neno moja. Macho alikuwa nayo miaka saba diski ikiwa ndani. Hiyo siwezi kuirudisha, na wala sitaki mtu aniambie nisijilaumu."

Ana mpango, hata hivyo. Mahindi yakishavunwa, Jumapili moja ataacha mnada, ataleta televisheni na jenereta nyumbani, na ukoo wote utakaa uani. Atamsimulia mama nyati yule kuanzia anapotoka kwenye majani mpaka anapomaliza kunywa maji, bila kuruka kitu. Jioni, akiwa peke yake, ameanza kuitazama upya ile diski akiwa na daftari, anaandika rangi, mwendo na jinsi maji yanavyodondoka kwenye ndevu za nyati. Amegundua kwamba kwa miaka tisa alikuwa akitania tu, kazi ya kueleza ilikuwa inafanywa na kioo.

Mama amekubali, kwa sharti kwamba siku hiyo asimchekeshe. Kiti chake kiwekwe mbele kabisa, karibu na kioo, kama wanavyokaa wengine wanaolipa.

"Na Rogathe awaambie hao watoto," anasema, akiuvuta ungo wake mapajani. "Wasije wakakaa mbele yangu, wataniziba."