Kikombe Kisichomkohoza Dagny

Dagny Lantto hakuwa mtu wa kukaa. Hata jikoni kwake alikula amesimama, nyonga imeegemea sinki, jicho dirishani. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuendesha lori la kusukuma theluji barabarani, kule juu kaskazini mwa Uswidi ambako mto ndio mpaka na Ufini. Lori lile lilimfundisha kula kwa mkono mmoja na kunywa kahawa bila kushusha macho. Aliinua kidevu, akaimimina kooni kama mtu anayejaza dizeli kwenye tangi, huku barabara ikizidi kumjia. Vijana waliokuja kujifunza aliwaambia, "Dereva anayetazama chini mtamkuta mtaroni."

Sasa yuko hospitali, mbali na nyumbani, na mrija mwembamba umemwingia puani ukashuka hadi tumboni. Mchana kutwa uji mweupe unatiririka humo, naye haonji chochote. Mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umevimba, madaktari wakampasua kifua wakaushona. Moyo ukapona vizuri. Lakini neva inayoendesha koo na sauti hupinda chini ya mshipa huohuo, na katika ile kazi iliumia. Alipozinduka alikuta sauti yake imebaki mnong'ono, kama injini isiyotaka kuwaka asubuhi ya baridi kali. Akapewa maji, akayagugumia kwa pupa, yakampalia mpaka macho yakamtoka. Kuanzia siku ile kibao kikatundikwa juu ya kitanda chake: asipewe kitu chochote kwa mdomo.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kipimo. Angemezeshwa mbele ya eksirei, madaktari waone chakula kinapita njia gani. Kikienda tumboni, mrija utatoka. Kikienda mapafuni, watamtoboa tumbo na kumwekea mrija wa kudumu, arudi nao nyumbani. Dagny aliposikia neno kutoboa, aliinuka kitandani, akashika nguzo yenye magurudumu iliyoning'iniza mfuko wake wa uji, akaanza kutembea. Korido ile aliimaliza akaianza tena, akaimaliza tena. Magurudumu yalilia kwii, kwii.

"Umefika Ufini?" akauliza Gerda, mama wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa moyo vilevile lakini koo lake zima, na mbele yake kuna andazi la mdalasini. "Wanasemaje huko?"

"Wanasema wewe utapasuka," akanong'ona Dagny.

"Nilishapasuliwa, mwenzangu. Nimebakiza kula tu."

Dagny akageuza nguzo yake akatoka tena. Harufu ya mdalasini ikamfuata hadi mlangoni.

Kila asubuhi alikuja Tyra, binti mwenye nywele fupi, mtaalamu wa sauti na kumeza. Alileta kijiko na kikombe cha maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito kama uji wa mtoto mchanga. Hayo pekee ndiyo Dagny aliruhusiwa, kijiko kimoja kimoja, Tyra akiwa mbele yake.

"Kidevu kifuani. Uso kushoto, upande uliolegea. Shika pumzi. Meza. Kohoa. Meza tena. Ndipo uvute pumzi."

"Huku ni kumeza au ni gwaride?"

"Ni gwaride. Haya, twende."

Dagny akainamisha kidevu, akageuza uso, akashika pumzi. Mambo yote yakaenda sawa mpaka wakati wenyewe wa kumeza. Hapo kidevu kikaruka juu chenyewe, na macho yakakimbilia dirishani.

"Dagny, huko nje unatazama nini?"

"Barabara."

"Safari hii barabara iko chini."

"Na nikigonga kitu?"

"Utagonga meza. Tena."

Wakarudia. Kidevu kikaruka. Wakarudia. Miguu ya Dagny ilikuwa ikichezacheza chini ya blanketi, kisigino kinapiga pedali isiyokuwepo. Tyra alikuwa akimweleza jambo kuhusu koo lililokufa ganzi, lakini Dagny alikuwa ameshamaliza kusikiliza. Kimawazo alikuwa amefika Ijumaa.

Jumatano akaja Evald, mumewe. Alikuwa amepanda basi alfajiri, kofia yake ya masikio imelowa, mkononi ana mfuko aliokuwa ameukumbatia safari nzima. Gerda alikuwa ameitwa mazoezini, chumba kikawa chao. Evald alisimama pale kwanza, akautazama ule mrija puani mwa mkewe. Kisha akatazama pembeni.

"Mbwa anakusalimia," alisema.

"Anakula?"

"Anakula kunishinda." Akafungua mfuko. Mlikuwa na chupa ya kahawa ya moto, vikombe vyao viwili vya mbao, na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. "Jibini nimetengeneza mwenyewe. La kwanza liliungua. Nilimpa mbwa, akalinusa, akaenda kulala."

Kwao kahawa hunywewa na jibini. Jibini jeupe, gumu, hukatwa vipande vikatiwa kikombeni, kahawa ya moto ikamiminwa juu yake, na vipande vikilainika huliwa kwa kijiko. Na kwao mtu haikatai kahawa aliyomiminiwa. Kuikataa ni sawa na kumwambia mwenyeji, sitaki kukuona. Dagny aliwahi kumsusia shemeji yake kwa kosa hilohilo, karibu majira mawili ya baridi.

Evald akakitazama kibao juu ya kitanda.

"Wanasema usile kitu."

"Wanasema."

"Kahawa si chakula," akasema Evald taratibu, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu mmoja.

"Haijawahi kuwa chakula," akasema Dagny.

Akammiminia. Dagny alikishika kikombe kwa mikono miwili, na vidole vyake, vilivyokuwa havijatulia tangu apasuliwe, vikatulia. Akainua kidevu, akaonja kidogo tu. Moto, uchungu, na ladha ya maziwa ya kwao. Wakatazamana, wakingoja. Kimya. Akaonja tena. Kimya. Akauma kipande cha jibini, kikalia kwii kwenye meno, kikateremka.

"Hujakohoa!" Evald alisema.

"Sijakohoa!"

"Hujakohoa hata kidogo! Hawa watu wanakulaza bure." Akavua kofia, akajifutia uso nayo. Dagny akamaliza kikombe. Aliongezewa cha pili, naye hakukataa.

Alhamisi aliamka mwili unachemka. Kifua kilikuwa kinakoroma, na kila pumzi ilichoma ubavuni. Wakampiga picha, wakakuta nimonia pafu la kulia. Akaja daktari wa zamu, mtu mrefu mwenye haraka, akasimama miguuni pa kitanda.

"Hujala wala kunywa, na bado pafu limechafuka," alisema. "Maana yake hata mate yako mwenyewe yanakwenda njia siyo. Kipimo hakina faida tena. Tutakutibu homa, kisha Jumatatu tutaweka mrija wa tumboni." Akaondoka hata koti lake halijatulia.

Evald, ambaye hakuwa amerudi nyumbani, alikuwa kwenye kiti, anaizungusha kofia mikononi. Anaizungusha, anaizungusha. Dagny alitaka kuinuka atembee, miguu ikakataa. Akili ndiyo ikatembea badala yake. Akinyamaza, atatobolewa kwa sababu ya mate ambayo hayana hatia. Akisema, watu wote wa wodi watajua kwamba Evald, aliyesafiri kutwa nzima na jibini kifuani, ndiye aliyemletea nimonia. Na pengine watamtoboa vilevile, kwa ukaidi wake. Alijigeuza upande huu, akajigeuza upande ule. Shuka likamzonga.

Tyra alipoingia, Dagny hakungoja hata afike kitandani.

"Ilikuwa kahawa," akanong'ona.

"Kahawa gani?"

"Vikombe viwili. Na jibini ndani. Mimi ndiye niliyeomba."

"Mwongo," akasema Evald kutoka kwenye kiti. "Hakuomba. Nilimimina mimi."

Gerda akaacha kutafuna.

Tyra akavuta kiti, akaketi. Dagny akamwona usoni kwamba hasira imekuja ikapita.

"Kwa nini hamkuacha baada ya funda la kwanza?"

"Sikukohoa," akasema Dagny. "Yale maji yalinipalia nikakohoa mpaka nikaona nyota. Kahawa ilishuka kimya. Tukajua nimepona."

"Yale maji yalikuwa mengi na ya baridi, yakakugutusha. Kahawa ilikuwa kidogo kidogo. Koo lako upande wa kushoto limekufa ganzi, Dagny, halisikii. Kikohozi ndicho mlinzi, na mlinzi wako kalala. Wezi wamepita na viatu vyao mkononi."

Evald akainamisha kichwa mpaka magotini.

"Lakini mmenipa habari njema," Tyra akaendelea, akisimama. "Kama ni kahawa, basi si mate. Ngoja nikamtafute yule mrefu."

Sauti zao zilisikika koridoni, ya Tyra ikipanda, ya daktari ikikatizwa. Gerda alitega sikio bila haya. "Binti anamla mzima mzima," akatangaza. "Na huyo hapaliwi." Mwishowe Tyra akachungulia mlangoni: kipimo kimerudi, homa ikishuka tu.

Homa ilishuka. Walimpeleka kwa kiti cha magurudumu, wakamketisha pembeni ya mashine, skrini mbele yake. Tyra, amevaa aproni nzito ya kuzuia miale, akampa kijiko cha uji mweupe kama chokaa, wenye dawa inayoonekana nyeusi kwenye skrini. Dagny akafungua kinywa, na kwa woga na kiherehere akafanya kama alivyofanya maisha yake yote: akainua kidevu akameza.

Kwenye skrini akaona fuvu lake mwenyewe na mifupa ya shingo yake, na doa jeusi la uji likiteremka. Likafika njia panda. Sehemu kubwa ikaenda nyuma, ilikotakiwa. Lakini uzi mwembamba ukachepuka mbele, ukateleza polepole kuelekea mapafuni. Dagny akangoja kuwashwa. Akangoja kukohoa. Hakusikia kitu, kitu chochote kabisa, na uzi unaendelea kushuka mbele ya macho yake.

Katika miaka yote ya theluji hakuwahi kuona gari likienda mtaroni bila dereva kuhisi.

"Kohoa," akasema Tyra. "Kwa nguvu. Tena. Sasa tufanye kwa gwaride."

Dagny akainamisha kidevu mpaka kikagusa kovu la kifuani. Akageuza uso kushoto. Akashika pumzi. Macho yake aliyakaza magotini, kwenye blanketi la hospitali, na kila kitu ndani yake kilipiga kelele kimwambie atazame mbele. Hakutazama. Akameza, akakohoa, akameza tena, akavuta pumzi.

Doa lote lilipita nyuma. Safi.

Walirudia kwa uji, kwa viazi vilivyopondwa, vikapita. Walipojaribu maji matupu, uzi ukarudi hata kwa gwaride. Hukumu ikawa nusu kwa nusu: tumbo halitobolewi, mrija wa puani unatoka, ila vinywaji vyote vitiwe unga mpaka viwe vizito, na chakula kisagwe. Majira ya kuchipua atapimwa tena. Huenda neva ikaamka, huenda isiamke. Tyra hakumdanganya.

Chakula chake cha kwanza kililetwa mchana. Ilikuwa samaki aina ya samoni, aliyesagwa kisha akafinyangwa upya kwa umbo la samaki, na kando yake kitu cha rangi ya chungwa chenye umbo la karoti.

"Huyu kagongwa na lori lako," akasema Evald.

"Nyamaza. Naendesha."

Akakata kipande kidogo. Kidevu chini, uso kushoto. Kumeza kimoja kilichukua muda ambao zamani ungetosha kumaliza sahani nzima na kuvaa viatu. Kisigino chake kilidundadunda sakafuni, jasho likamtoka mgongoni, na baada ya kila tonge alitamani kuisukuma sahani aondoke. Gerda alimaliza chakula chake, akamaliza andazi, akalala akaanza kukoroma. Kila Dagny alipoinamisha kidevu, Evald naye aliinamisha chake bila kujijua.

Mhudumu akaja kukusanya masinia. Akaona samaki amebaki nusu, akanyoosha mkono.

Dagny akaiwekea sahani kiganja.

"Bado," akanong'ona. "Bado nakula."