Itifaki Yote Imezingatiwa

Tuliposikia kwamba basi la alfajiri linalopita kwetu Newtown huenda likafutwa, mimi ndiye niliyejitolea kulisemea. Hakuna aliyeniomba. Natunza wazee Kings Heath, upande wa pili wa jiji, zamu yangu inaanza saa moja kamili asubuhi, gari sina, na bila basi hilo kazi ningeiacha.

Lakini nikiri, basi lilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa na maneno mapya na sikuwa na pa kuyavalia. Kila Jumamosi nilikuwa nikienda maktabani kwenye darasa la Kiingereza cha siasa. Mwalimu wetu alikuwa Singasinga mstaafu, mzaliwa wa Kisumu, aliyenishinda hata kwa methali za kwetu. Alitufundisha jinsi wanasiasa wa huku kwa Waingereza wanavyosema bila kusema. Asiyetaka kuchagua upande amekaa juu ya ua wa miti. Anayeahirisha jambo analipiga kopo teke lisonge mbele barabarani. Jambo ambalo kila mtu anaogopa kulishika ni kiazi cha moto. Nilijaza daftari zima. Siku moja mume wangu alichelewa kuosha vyombo, nikamwambia aache kupiga kopo teke. Akachungulia chini ya meza kulitafuta.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa mtaa. Diwani alikaa mbele, pembeni yake mwenyekiti, mama mmoja mpole mwenye saa ndogo ya jikoni, ya kengele. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Hotuba yangu ilikuwa na nahau kumi na moja, nami nilikuwa nimeipima mbele ya kioo ikaenea vizuri.

Nilichosahau kupima ni malezi. Kwetu mtu hashiki kipaza sauti akavamia shida yake moja kwa moja kana kwamba hakufunzwa. Nikamsalimu diwani. Nikamsalimu mwenyekiti, mchungaji, waliotoka kampuni ya mabasi, wazee, akina mama, vijana waliofika na wale waliopata udhuru. Nikafikisha salamu za kanisa letu. Nikatangaza kwamba itifaki yote imezingatiwa. Kisha nikafungua daftari, na saa ya jikoni ikalia.

"Asante," mwenyekiti akasema. "Umezungumza vizuri sana."

Nikaketi masikio yakiniwaka. Basi langu nilikuwa nimeliua kwa salamu.

Ndipo diwani akasimama kutujibu. Akasema suala hili ni kiazi cha moto. Akasema hakuna jiwe litakaloachwa bila kugeuzwa, kwamba anaziona pande zote mbili, na kwamba si busara kuharakisha.

Mwalimu, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaninong'oneza, "Mama, weka tiki."

Nikaweka. Kiazi, tiki. Jiwe, tiki. Ua, tiki. Kopo, tiki. Tulikuwa tukicheka chini kwa chini kama watoto wa kwaya. Diwani akaendelea, na nilipofika tiki ya saba kicheko kikanikauka, maana nilikuwa nimeelewa kila neno: basi hakuna. Majirani zangu walikuwa wakitikisa vichwa kwa furaha wakidhani tumeahidiwa basi, wengine wameshaanza kuvaa makoti. Mmoja alipiga makofi. Nikaogopa kwelikweli.

Nikasimama bila kuitwa na bila kumsalimu mtu yeyote. Marehemu mama yangu angeniona angejifunika uso.

"Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa kituoni," nikasema. "Basi litakuja, au halitakuja?"

Diwani akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaigeuza saa yake ikatazama ukutani, akamtazama yeye. Waliokuwa wamevaa makoti wakakaa tena.

"Litakuja," diwani akasema. Akakohoa kidogo. "Kwa sasa."

Mwalimu alilichukua daftari langu upesi, akafungua ukurasa mpya ili aliongeze hilo la mwisho, "kwa sasa". Nikamshika mkono.

"Usijisumbue, mwalimu," nikamwambia. "Hilo wewe na mimi tulikuja nalo kutoka nyumbani."